Kitufe Chini ya Picha

Hajira alifika kaunta ya maktaba saa nne asubuhi akiwa bado ananukia mafuta ya kukaangia. Hakusalimia. Aliweka simu yake juu ya kaunta, akaisukuma kwa kidole mpaka ikamfikia Kuruthumu.

"Nionyeshe wewe," alisema.

Kuruthumu alikuwa mkutubi wa Maktaba ya Fadhila kwa miaka kumi na tisa. Ilikuwa maktaba ya watu binafsi, ghorofa moja tu, nyuma ya maduka ya vitambaa Kariakoo, na wasomaji wake walikuwa wachuuzi, mafundi cherehani, wanafunzi, na wazee waliokuja kusoma magazeti. Hajira alimfahamu vizuri. Alikuwa mkaanga samaki wa soko la Feri, mwenye miaka ishirini na tisa, aliyekuwa akirudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea ili akasomee uuguzi. Mtihani ulikuwa umebakiza wiki tano.

Zamani Hajira angeonyesha kadi yake, angepewa kitabu, angeondoka. Lakini tangu Julai kadi zote za zamani zilikuwa zimefutwa. Mkurugenzi alikuwa ametoa agizo kwamba kila msomaji ajisajili upya kwenye tovuti mpya, aombe kitabu humo humo, ndipo aje kukichukua. Wakutubi walikatazwa kumwandikisha mtu kwa mkono. Wiki tatu mfululizo Hajira alikuwa amekuja kulalamika, na wiki tatu mfululizo Kuruthumu alikuwa amemjibu neno lile lile: jaribu tena.

Akaichukua simu. Hajira alikuwa ameshajaza kila kitu, jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho cha NIDA, mtaa anaoishi. Kilichobaki ni kutuma. Kuruthumu akashusha ukurasa kwa kidole kutafuta kitufe cha kutuma. Hakukiona. Chini ya ukurasa kulikuwa na picha ya Mkurugenzi akitabasamu, na maneno ya kumkaribisha msomaji. Akaushusha tena, picha ikashuka nao. Akaupandisha, picha ikapanda. Kwenye kompyuta ya kaunta picha ile ilikaa pembeni na haikumsumbua mtu. Kwenye simu ilikuwa imelala juu ya kitufe.

Akabonyeza juu ya picha, labda kitufe kingesikia. Ukurasa ukapepesa, ukatoka ujumbe mwekundu wa Kiingereza kwamba muda umekwisha, na vyote alivyojaza Hajira vikafutika.

Nyuma ya Hajira watu watatu walikuwa wamesimama wakisubiri.

"Kumbe na wewe hujui," Hajira alisema. Hakupaza sauti. "Mara kumi na moja nimejaza hii kitu. Bando langu, muda wangu, moto umewaka nyuma yangu. Na wewe unaniambia jaribu tena, na hujawahi kujaribu."

"Hajira, mdogo wangu..."

"Kile pale kitabu." Alinyoosha mkono kuelekea rafu ya sayansi. "Baiolojia, kidato cha tatu na cha nne. Nakiona nikiwa hapa. Hakuna mtu anakisoma. Nipe."

"Siruhusiwi kukitoa bila akaunti."

Hajira akachukua simu yake, akaifuta kwa pindo la kanga, akatoka.

Hasira zilimpanda Kuruthumu mpaka masikio yakamwaka, na kwa muda hakujua zinamwendea nani. Aliwahudumia wale watatu. Kisha akafunga droo, akapanda ngazi kwenda kwa Elisaria.

Elisaria ndiye aliyesimamia kompyuta na tovuti ya maktaba. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na tatu, mpole, aliyependa kuongea huku macho yakiwa kwenye kioo. Chumba chake ndicho pekee chenye kiyoyozi.

"Tovuti haifanyi kazi kwenye simu," Kuruthumu alisema.

"Inafanya, dada. Mwezi huu tu imetembelewa mara elfu kumi na nne." Akakigeuza kioo cha kompyuta ili aone. Kulikuwa na mstari wa kijani uliopanda kama mlima. "Mkurugenzi amefurahi sana. Wiki ijayo anawaonyesha wafadhili."

"Waliofika mwisho wakapata kitabu ni wangapi?"

"Hiyo sijaiangalia."

"Iangalie sasa hivi, nimesimama hapa."

Akabonyezabonyeza. Ilimchukua muda. "Thelathini na mmoja," akasema, sauti ikiwa imepungua.

"Kabla ya Julai nilikuwa natoa vitabu mia sita kwa mwezi, kwa kalamu. Hao elfu kumi na nne wako ni watu wanaozunguka mlango, Elisaria. Mtu mmoja amezunguka mara kumi na moja, ametoka hapa sasa hivi."

"Watumiaji wetu hawajazoea, dada. Wanahitaji elimu kidogo. Mfumo wenyewe uko sawa."

Kuruthumu alimtazama. Angeweza kusema mengi, lakini alijua wakianza kubishana itakuwa neno lake kwa neno la Elisaria, na Elisaria ana mstari wa kijani. Akashuka.

Miaka kadhaa nyuma alikuwa amehudhuria semina ya wakutubi kule Morogoro, na mwalimu mmoja aliwafundisha namna ya kupima tovuti. Haikuwa elimu kubwa. Unamtafuta mtu wa kawaida, unampa kazi moja ya kufanya, unakaa pembeni yake na daftari, na unafunga mdomo. Humsaidii hata akikwama. Unaandika anachobonyeza na anachosema. Watu watano wanatosha kukuonyesha penye shimo. Kuruthumu aliomba ruhusa ya siku mbili, akisema ana shughuli ya kifamilia, akatoka na daftari.

Kwanza alienda soko la Mchikichini kwa Kasmir, muuza viatu vya mtumba. Kasmir alitokea Masasi, na alikuwa msomaji wa kweli, mtu wa kusoma akiwa amekaa juu ya robota lake la mtumba hata wateja wakipita.

"Mambo, Kasmir?"

"Poa, dada. Mmefungua maktaba au bado mmefunga?"

"Hatujafunga."

"Kwangu mmefunga."

Akamweleza anachotaka. Kasmir alikuwa na mpango wa kufuga kuku wa kienyeji nyumbani kwake, basi atafute kitabu cha kuku kwenye tovuti. Kuruthumu atakaa pembeni kimya.

Kasmir akaandika *kuku*. Tovuti ikajibu kwamba hakuna kilichopatikana. Akaandika *ufugaji wa kuku*. Hakuna. Akaandika *kuku wa kienyeji*, kisha *mifugo*, kisha *kuku* tena, labda mara ya kwanza alikosea herufi.

"Hamna kitabu cha kuku hata kimoja?" akauliza.

Kuruthumu alibana midomo. Vilikuwepo vitabu tisa. Alivipanga kwa mikono yake mwenyewe, vinne kati yavyo vya Kiswahili. Lakini kampuni iliyouza mfumo ilikuwa imeingiza orodha yote kwa vichwa vya Kiingereza, na mtu asiyejua kuku huitwaje kwa lugha ile hakupata kuku.

"Siruhusiwi kukujibu mpaka umalize," alisema.

"Nimemaliza. Hii inazingua." Kasmir aliweka simu chini, akachukua kiatu, akaanza kukipiga brashi kwa nguvu. "Unajua inanikera nini, dada? Siyo kwamba haifanyi kazi. Mvua ikinyesha hapa paa linavuja, nazoea. Inanikera kwa sababu mtu amekaa mahali akaitengeneza, akaiangalia, akasema inatosha kwa watu wa Mchikichini."

Kuruthumu aliyaandika maneno hayo yote, na kalamu ikatoboa karatasi.

Mchana alirudi Kariakoo kwa Mzee Fikirini, fundi cherehani mstaafu aliyekuwa akija maktaba kila siku kwa miaka mingi, na sasa alikuwa akishinda barazani kwa mwanawe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmenifukuza, sasa umekuja kunitazama?"

Mzee alikuwa na simu nzuri aliyonunuliwa na mwanawe, na alijua kuitumia. Aliandika jina lake bila shida. Kwenye namba ya NIDA aliandika tarakimu zote pamoja na vistari, kama zilivyo kwenye kitambulisho. Ikakataa. Haikusema kwa nini. Aliirudia mara tatu akiisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, na kila mara alikuwa sahihi. Mara ya nne akachoka kuweka vistari, ikapita.

Ikafuata tarehe ya kuzaliwa. Hapakuwa na mahali pa kuiandika. Palifunguka kalenda ya mwezi huu wa Oktoba, yenye mshale mdogo wa kurudi nyuma mwezi mmoja mmoja. Mzee Fikirini alizaliwa mwaka 1953. Akaanza kubonyeza, Septemba, Agosti, Julai. Alibonyeza kwa subira ya mtu aliyetunga uzi kwenye sindano maisha yake yote. Chai ikaletwa, ikapoa. Kuruthumu alikuwa akihesabu mibonyezo kwenye daftari, vijiti vitanovitano. Alipofika mia mbili sitini na kitu, mzee alikuwa bado yuko mwaka 2003.

Akaiweka simu kwenye mkeka.

"Mwanangu, mpaka nifike nilipozaliwa, nitakuwa nimeshakufa."

Kuruthumu hakucheka. Jioni ile, kabla ya kufunga, aliingia maktaba, akaenda kwenye rafu ya sayansi, akachukua kitabu cha baiolojia, akaandika jina la Hajira na tarehe kwenye karatasi ya kawaida, akaisaini, akaiacha ndani ya droo ya kaunta.

Kesho yake akaenda Feri. Hajira alikuwa mbele ya karai la mafuta, akigeuza samaki. Kuruthumu akamkabidhi kitabu kikiwa ndani ya mfuko.

Hajira alichungulia ndani. Akafunga mfuko, akauweka mbali na mafuta.

"Umeruhusiwa?"

"Hapana."

"Basi ungenipa juzi," Hajira alisema. "Juzi pia ulikuwa hujaruhusiwa."

Kuruthumu akachuchumaa kando ya karai. Akamweleza habari ya upimaji, akamwomba ajaze fomu mara moja zaidi akiwa anamtazama. Hajira akakubali kwa shingo upande, mkono mmoja ukiwa na simu na mwingine ukiwa na kijiko. Safari hii hata kwenye picha hawakufika. Kwenye namba za kuthibitisha, zile zinazotumwa kwa ujumbe mfupi, tovuti ilimpa sekunde sitini kuziandika. Ujumbe ulifika baada ya dakika mbili. Akaomba namba nyingine, zikachelewa vilevile. Mara ya tatu samaki wakaungua.

"Andika na hilo," Hajira alisema, akiwatoa samaki weusi. "Andika samaki watatu."

Kuruthumu akaandika. Kabla ya jioni aliwapima wengine wawili pale Feri, nao wakakwama.

Kikao na wafadhili kilikuwa Jumatano, ghorofani, na watu sita walikuwa mezani. Mkurugenzi, Mama Candida, alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na saba, mkakamavu, aliyeitafutia maktaba fedha wakati ilipokaribia kufungwa. Kuruthumu alimheshimu kwa hilo. Elisaria alionyesha mstari wake wa kijani. Wafadhili wakapiga makofi kidogo. Mama Candida akauliza kama kuna mwenye neno.

Kuruthumu akasimama.

"Mkurugenzi, naomba utoe simu yako ujisajili kuwa msomaji. Hapa hapa. Halafu uazime kitabu kimoja."

"Hilo tutalifanya baadaye, Kuruthumu."

"Nimepima watu watano, wa Mchikichini, wa Feri, na wa hapa mtaani. Hakuna hata mmoja aliyefika mwisho. Naomba ujaribu wewe."

Mgeni mmoja, mzee wa kamati ya wafadhili, akasema hata yeye angependa kuona. Mama Candida hakuwa na pa kutokea. Akavaa miwani, akatoa simu, akaanza.

Namba ya NIDA ilimkataa mara mbili. Elisaria akajisogeza kwenye kiti. "Ondoa vistari, Mkurugenzi."

"Usimsaidie," Kuruthumu alisema. "Wale hawakuwa na mtu wa kuwasaidia."

Mama Candida akaondoa vistari, akafika kwenye kalenda. Alizaliwa mwaka 1968. Akabonyeza mshale. Akabonyeza tena. Watu walitazama meza, walitazama dari. Kulisikika kucha yake tu ikigonga kioo. Baada ya kama dakika mbili akaacha kubonyeza, akavua miwani.

"Nimeelewa ulichotaka kufanya," alisema polepole. "Kikao kimeahirishwa kwa dakika kumi."

Kuruthumu alidhani ameshinda. Saa tisa akaitwa na kupewa barua. Ilimtaka ajieleze kwa maandishi ndani ya siku saba kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu kwa makosa matatu: kusema uongo kuhusu ruhusa, kumdhalilisha Mkurugenzi mbele ya wageni, na kutoa kitabu nje ya utaratibu. Karatasi yake ya droo ilikuwa imebanwa nyuma ya barua kama ushahidi.

Aliisoma mara mbili akiwa amesimama kwenye ngazi. Kilichomuuma zaidi ni kwamba yote matatu yalikuwa ya kweli. Katika ukurasa mzima hapakuwa na neno hata moja kuhusu tovuti.

Asubuhi iliyofuata Elisaria alishuka kaunta, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Macho yalikuwa mekundu.

"Jana baada ya kikao Mkurugenzi amenilaumu mimi kwa kila kitu," alisema. "Mimi nilisema, dada. Mfumo ulinunuliwa umeshatengenezwa, nikapewa wiki mbili kuufunga. Nilisema kalenda ile haifai. Nilisema picha isikae pale. Nina barua pepe ya mwezi wa sita."

"Ulisema mara ngapi?"

"Mara moja."

"Halafu nilipokuja kwako ukaniambia watu hawajazoea."

Elisaria akatazama sakafu.

"Mara moja siyo kusema, Elisaria. Ni kujikinga." Alifungua daftari, akaligeuza upande wake. "Soma. Anza na mzee."

Alisoma akiwa amesimama pale pale kaunta, mpaka mwisho. Alipofika kwenye vijiti vya mibonyezo alianza kuvihesabu kwa kidole, akaacha katikati.

"Kalenda naweza kuiondoa leo," alisema. "Wataandika tarehe wenyewe. Vistari ni kazi ya nusu saa. Namba za kuthibitisha nitaziwekea dakika kumi na tano. Maneno ya Kiswahili ya kutafutia ndiyo kazi. Vitabu elfu nane."

"Nipe orodha, nitayaandika mimi. Na picha?"

"Picha inataka kibali chake."

Kuruthumu aliweka kalamu chini. Alimtazama tu.

"Naiondoa," Elisaria akasema.

Walifanya kazi siku kumi na mbili. Kuruthumu aliandika maneno kati ya msomaji mmoja na mwingine: kuku, ushonaji, uzazi, ndoa, udongo, mikopo, kisukari. Kila neno lilimkumbusha mtu aliyewahi kuliuliza kaunta, na kila mara hasira ilimrudia upya, kwa sababu watu wale walikuwa wakimwambia miaka yote wanaviita vitu kwa majina gani, na hakuna aliyewahi kumuuliza yeye. Picha iliondoka siku ya kwanza. Mama Candida aligundua siku ya tisa, mtu alipomtajia. Alikuwa hajaifungua tovuti kwa simu tangu siku ya kikao.

Alimwita Elisaria akafoka. Kisha akauliza mwezi huo wamepata vitabu vingapi vilivyoazimwa, akaambiwa mia mbili na kumi na moja, na mwezi ulikuwa haujaisha. Hakuirudisha picha. Aliruhusu pia wakutubi wawaandikishe kwa mkono wasio na simu, akaliita agizo hilo mpango wa awamu ya pili. Kuhusu Kuruthumu, alimpa onyo la maandishi, likawekwa kwenye faili lake. Hakumwomba radhi, wala Kuruthumu hakumwomba.

Jumamosi moja Kuruthumu na Elisaria walitoka pamoja na daftari jipya, wakamwendea Zamzam, muuza kanga ambaye hakuwa amewahi kuingia maktaba. Wakampa kazi: jisajili, tafuta kitabu cha kumfaa mama anayenyonyesha, kiombe. Elisaria alikaa kwenye kigoda, mikono katikati ya magoti. Mara mbili alifungua mdomo, na mara mbili Kuruthumu alimkanyaga mguu.

Zamzam alimaliza kwa dakika sita, huku akiwahudumia wateja.

"Nishakiomba," alisema. "Nakuja kukichukua lini?"

Elisaria akainama kutazama kioo. Ukurasa ulisema ombi limepokelewa. Haukusema aje lini, wala aende mlango gani, wala maktaba inafunga saa ngapi.

"Haijaandikwa," Zamzam alisema. "Sasa mtu atajuaje?"

Kuruthumu alihisi ile hasira ikimpanda tena, lakini safari hii aliona Elisaria ameshamtangulia. Amekunja uso, amemnyang'anya daftari, na anaandika.

"Endelea, dada," akamwambia Zamzam. "Nini kingine hakijaandikwa?"